Kabla Hujaibandika Facebook: Namna ya Kuitafutia Hadithi Fupi Soko Linalolipa

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi ya mama muuza mihogo ya kukaanga pale kivukoni, na mwanawe aliyepanda jahazi asirudi tena. Nilikaa nayo miezi minne. Usiku ule niliomaliza niliibandika yote Facebook, sehemu ya 01 hadi ya 04, nikalala na furaha ya watu walioniandikia "endelea". Wiki tatu baadaye nikakutana na tangazo la shindano linalopokea hadithi za Kiswahili, bila kiingilio, kwa zawadi ya fedha za kigeni. Masharti yalisema hadithi isiwe imechapishwa popote, mtandaoni ikiwemo. Nikaenda kuifuta. Lakini kilichochapishwa kimeshachapishwa, na wakati huo hadithi ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, jina langu likiwa limekwisha kukatwa.

Mwongozo huu unaanzia hapo, kwa sababu naona waandishi wazuri wa Kiswahili wakifanya kosa hilohilo kila wiki. Mhariri anayelipa hanunui karatasi, wala maneno peke yake. Ananunua nafasi ya kuwa wa kwanza kuwaletea wasomaji hadithi hiyo. Ukishaigawa bure, huna tena cha kumuuzia, hata kama hadithi ni nzuri kuliko zote alizopokea mwaka huo.

Hatua ya kwanza: ifungie kabatini, ujue unachouza

Hadithi ikikamilika, usiiweke Facebook, wala hadhi ya WhatsApp, wala kundi la waandishi lenye watu mia mbili. Wasomaji wako wa majaribio wawe wawili au watatu unaowaamini, na uwatumie moja kwa moja. Ukitaka kuonja mwitikio wa watu, bandika aya moja.

Kisheria, hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zinamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, bila kumlazimisha kusajili kwanza. Kusajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi, na mimi nashauri ufanye hivyo kwa kazi unayoithamini sana. Lakini usiache kutuma hadithi eti kwa sababu hujasajili.

Katika mali hiyo unaweza kukata vipande vingi. Kuna haki ya kuichapisha mara ya kwanza, ya kuichapisha tena, ya kuitafsiri, ya kuisoma redioni au kuirekodi kwa sauti, na ya kuigeuza filamu. Kila kipande kina bei yake, na hakuna sababu ya kuvitoa vyote kwa mtu mmoja kwa malipo ya kimoja.

Hatua ya pili: ipime

Hesabu maneno. Kurasa hazisaidii, kwa kuwa kila mtu ana ukubwa wake wa herufi. Masoko mengi ya hadithi fupi yanataka kati ya maneno 2,000 na 5,000.

Hapa Kiswahili kina jambo lake. Neno kama "hatutawasahau" ni moja kwetu; Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hilo hilo. Kwa hiyo hadithi yako ya maneno 2,000 ya Kiswahili ni ndefu kuliko inavyoonekana, na ikitafsiriwa itavimba. Ukiwa na hadithi ya maneno 4,600 na ukomo ni 5,000, tafsiri ya Kiingereza itaupita. Na ukikutana na soko linalolipa kwa neno, omba walipe kwa hesabu ya tafsiri, kwa sababu ndiyo watakayochapisha.

Pia jiulize ni hadithi ya aina gani: ya watoto, ya vijana, ya mapenzi, ya kisayansi, ya majini na uchawi, au ya maisha ya kawaida. Usione haya kuitaja aina yake. Mhariri wa hadithi za kisayansi hana la kufanya na mihogo ya kivukoni, hata akiipenda.

Hatua ya tatu: chagua mlango

Niseme wazi: hakuna foleni ya majarida ya Kiswahili yanayosubiri hadithi fupi na kulipa kila mwezi. Fedha ipo, ila imetawanyika, na inaingia kwa milango minne hivi.

*Mashindano.* La kwanza kulikumbuka ni Commonwealth Short Story Prize, tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Haina kiingilio. Inataka hadithi ya maneno 2,000 hadi 5,000 ambayo haijachapishwa, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha inazozipokea. Mshindi wa kila kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Mwaka 2014 mshindi wa jumla alikuwa Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo hadithi unayoimaliza Machi ina muda wa kutosha wa kuiva. Kinachotazamwa ni uraia, si mahali unapoishi. Mkenya anayefanya kazi Muscat anaingia, na Mtanzania aliye Minnesota anaingia. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawaingii, maana nchi zao si wanachama. Rwanda ilijiunga 2009, kwa hiyo Wanyarwanda wamo. Nasikitika ninapoona jinsi tusivyoutumia mlango huu kwa lugha yetu wenyewe.

Caine Prize, tuzo ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, inatajwa sana, na washindi wa kwetu wapo: Binyavanga Wainaina 2002, Yvonne Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018, Idza Luhumyo 2022. Ila ile haitumiwi na mwandishi. Inapokea hadithi zilizokwisha kuchapishwa, kwa Kiingereza au zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na anayezituma ni mchapishaji. Kwako wewe ni sababu ya kuchagua jarida lenye mhariri makini, atakayekumbuka kuituma hadithi yako.

Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ni kubwa, lakini uzito wake uko kwenye miswada ya kiasi cha kitabu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongeza hadithi za watoto. Kama unaandikia watoto, ifuatilie kila inapotangazwa. Vijana wanaoandika hadithi za kisayansi kwa Kiswahili waitafute Tuzo ya Nyabola.

*Mikusanyiko ya wachapishaji.* Huu ndio mlango wenye fedha nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa Kenya. Fasihi ya Kiswahili hutahiniwa katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili Kenya, Karatasi ya Tatu, na mkusanyiko wa hadithi fupi huwa miongoni mwa vitabu teule. Kiswahili ni somo la lazima, na watahiniwa wa 2024 walizidi 900,000. Mkusanyiko ukiteuliwa, unauzwa miaka mfululizo. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ni ya 2027, na shule za upili za mtaala mpya, Gredi 10 hadi 12, zinahitaji vitabu vyake. Ndiyo kusema huu ni wakati wa wachapishaji kutafuta hadithi.

Namna ya kuwafikia ni hii. Nenda duka la vitabu, chukua mikusanyiko mitatu ya karibuni, fungua ukurasa wa hakimiliki na dibaji. Utaona jina la mhariri, na mara nyingi mhariri huyo ni mhadhiri wa chuo kikuu anayeitwa na mchapishaji kukusanya hadithi. Mwandikie yeye. Mwambie unaandika hadithi fupi, ungependa kuarifiwa wakitoa mwito. Usimtumie hadithi kumi ambazo hakuziomba. Anza na vitabu vya wachapishaji kama Longhorn, East African Educational Publishers, Oxford ya Afrika Mashariki, na kwa Tanzania Mkuki na Nyota.

*Majarida ya nje, kupitia tafsiri.* Mwaka 2023 Two Lines Press ya San Francisco ilitoa mkusanyiko mzima wa hadithi za Kiswahili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mlango umefunguka. Kwa hadithi za kisayansi na za maajabu, jarida la Omenana limechapisha kazi za Waafrika kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiwango ambacho chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi cha Marekani, SFWA, kilikitambua tangu 2019 kuwa cha kitaaluma ni senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 3,000 kwa kiwango hicho ni dola 240. Mgao wa mtafsiri mkubaliane mapema, kwa maandishi. Nusu kwa nusu ni haki kama amefanya kazi ya kweli. Usiipitishe hadithi kwenye mashine ya kutafsiri ukaituma. Februari 2023 jarida la Clarkesworld lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu ya mafuriko ya maandishi ya akili bandia, na tangu hapo wahariri wengi wamekuwa wakali. Ili kujua nani yuko wazi na analipa kiasi gani, tumia tovuti ya Submission Grinder, inayoorodhesha masoko ya hadithi. Ni bure, na unaweza kuchuja kwa urefu, aina na malipo.

*Kujiuzia mwenyewe.* Tanzania hili limekuwa soko kamili: sehemu tano za kwanza bure Facebook, na inayofuata unalipia kwa simu ndipo unaingizwa kundini. Hesabu yake ni rahisi. Wasomaji 150 wakilipa shilingi 1,000 kila mmoja ni 150,000, na fedha inaingia siku hiyohiyo. Naliheshimu sana soko hili, na naona ndilo lililowafanya vijana wengi waendelee kusoma Kiswahili. Lakini linapenda simulizi ndefu ya mfululizo, yenye mwisho unaokuacha roho juu kila sehemu. Hadithi fupi ya maneno 3,000, inayosomwa mara moja ikaisha, haikai vizuri humo. Ninachofanya mimi ni kuandika simulizi kwa ajili ya kundi na hadithi fupi kwa ajili ya wahariri, sizichanganyi. Ukiuza humo, tumia lipa namba yenye jina lako, na kila nakala ya PDF unayotuma iandike namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi wote, lakini mtu akiona namba yake mwenyewe imeandikwa pale, husita kusambaza.

Hatua ya nne: soma masharti kwa kalamu mkononi

Pigia mstari mambo haya: urefu, tarehe ya mwisho na saa ya nchi gani, haki wanazozitaka, malipo na siku yatakapolipwa, na kama wanaruhusu hadithi iwe kwa wahariri wawili kwa wakati mmoja.

Wakikutaka ulipe ndipo wakuchapishe, ondoka. Wakitaka ununue nakala 50 za kitabu chenye hadithi yako, ondoka. Vipo viingilio vidogo vya mashindano halali huko nje, lakini kwa kipato chetu sioni sababu ya kuvilipa wakati ya bure yapo. Lililo baya kuliko kiingilio ni shindano linalosema kwamba hadithi zote zilizotumwa, hata zisizoshinda, zitakuwa mali ya waandaaji. Mstari huo hujificha chini kabisa, baada ya picha za zawadi. Hadithi 600 zinaingia, tatu zinapewa zawadi, na 597 zimechukuliwa bure.

Hatua ya tano: mswada na barua

Mswada uwe safi: herufi za kawaida za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, namba za kurasa, jina la hadithi juu. Mashindano mengi hayataki jina lako ndani ya faili. Likionekana, unaondolewa kabla ya kusomwa. Angalia pia jina la faili lenyewe.

Barua iwe fupi. Yangu huwa hivi:

"Ndugu Mhariri, naambatisha hadithi yangu yenye maneno 3,140 kwa ajili ya mkusanyiko mliotangaza. Haijachapishwa popote, kwa karatasi wala mtandaoni, na kwa sasa haipo kwa mhariri mwingine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na hadithi zangu mbili zimewahi kuchapishwa. Asante kwa muda wako."

Basi. Usimweleze hadithi inahusu nini, wala inafundisha nini. Hayo atayakuta mwenyewe. Kama hujawahi kuchapishwa, usitaje habari ya hadithi zilizochapishwa.

Hatua ya sita: daftari

Nina daftari la kaunta lenye safu sita: hadithi, imekwenda wapi, tarehe, jibu linatarajiwa lini, jibu lilikuja lini, na inakwenda wapi baada ya hapo. Safu hiyo ya mwisho naijaza siku ileile ninapotuma, kabla sijajua matokeo. Ikikataliwa sikai chini kuomboleza. Daftari linaniambia pa kuipeleka, na jioni hiyo inaondoka. Hadithi moja niliyoipenda ilikataliwa mara saba, ya nane ikalipwa. Kati ya mara hizo saba nilibadilisha aya ya kwanza tu, kwa sababu wahariri wawili tofauti walisema hadithi inachelewa kuanza.

Muda wa jibu ukipita kwa mwezi mzima, andika mistari miwili ya adabu kuuliza. Ukikaa kimya, unaweza kuwa unasubiri barua iliyopotea.

Hatua ya saba: mkataba na malipo

Hapa nipunguze mwendo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa ukurasa mmoja, na niliusaini nikiwa nimesimama dirishani kwa mchapishaji. Ulisema: "Mwandishi anamkabidhi Mchapishaji haki zote za kazi hii, kwa miundo yote na kwa muda wote." Nililipwa mara moja. Mkusanyiko ukaenda mashuleni. Nilipotaka kuiingiza hadithi hiyo katika kitabu changu mwenyewe, niliambiwa niombe ruhusa na nilipe.

Siku hizi naomba sentensi hiyo ibadilishwe isomeke hivi: mchapishaji anapewa haki ya kuichapisha hadithi katika mkusanyiko uliotajwa jina, kwa Kiswahili, na baada ya miaka miwili mwandishi yuko huru kuichapisha kwingine. Mara mbili nimeomba, mara mbili wamekubali bila ugomvi. Wengi hawabadilishi kwa sababu tu hakuna anayeomba.

Kisha suala la fedha: malipo ya mara moja au mrabaha, yaani fungu la kila nakala inayouzwa? Tupige hesabu ya mfano. Kitabu kinauzwa shilingi 500 za Kenya, mrabaha ni asilimia 10, yaani shilingi 50, na waandishi ni 12. Kila mmoja anapata shilingi 4 na senti kidogo kwa nakala. Zikiuzwa nakala 800, una kama shilingi 3,300; hapo malipo ya mara moja ya 10,000 yangekufaa zaidi. Kikiteuliwa na kuuzwa nakala 100,000, una zaidi ya 400,000. Hujui kipi kitatokea, na mchapishaji pia hajui. Kwa hiyo omba vyote viwili: kiasi fulani sasa, na kifungu kinachosema kitabu kikiwa teule, waandishi waanze kulipwa mrabaha. Wakikataa kukupa vyote viwili pamoja, chukua mrabaha kwa mkusanyiko unaoandaliwa kwa ajili ya shule, na malipo ya mara moja kwa mingine.

Njia ya kulipwa ulizia kabla ya kusaini. Akaunti za PayPal hazifanani nchi hadi nchi. Nyingine hutuma tu, hazipokei. Kenya unaweza kuitoa fedha ya PayPal hadi M-Pesa. Kwingine ni bora uombe benki, au huduma ya kutuma fedha inayofika kwenye simu. Jina kwenye mkataba lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye kitambulisho chako. Mwenzangu anayetumia jina la kalamu alisubiri miezi mitano kwa sababu benki haikumtambua mtu aliyeandikwa kwenye hati.

Fedha ikishaingia, rudi kwenye daftari uandike tarehe ambayo haki inarudi kwako. Siku hiyo ikifika, hadithi ni yako tena: itafutie mtafsiri, iuze kwa mkusanyiko unaopokea zilizokwisha kuchapishwa, mpe mtu wa redio aisome kwa malipo. Na ukitaka, siku hiyo ibandike Facebook, sehemu ya 01 hadi ya 04.